Koti Nililopeleka Iyula

Baba,

Nakuita hivyo kwa kuwa hakuna anayenisikia. Ulipokuwa hai nilikuita Afande mbele za watu, na Baba tukiwa wawili garini. Siku moja pale Mlowo nilisahau, nikakuita Baba mbele ya mnadhimu wako na maofisa wote waliokuwa wamezunguka meza. Ukaitika tu, "Naam, Nee," ukaendelea na ramani yako. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Wao hawakunisahihisha, maana kamanda wa divisheni akishaitika, nani tena wa kusema si sahihi?

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike. Nilichelewa kuandika kwa sababu nina jambo la kukueleza na kila nikianza naona aibu. Wenzangu walikulilia wakamaliza. Mkeo, Mama Tumaini, alikulilia kama mke anavyomlilia mume. Mimi nilibaki na funguo za gari mfukoni, sijui nimrudishie nani. Basi acha nianze na kosa langu, maana bila hilo kosa mengine yasingetokea.

Tulikuzika nyumbani kwako Iyula, pembeni ya miti ya kahawa. Baada ya siku kumi na kitu Mama Tumaini akanitumia ujumbe: "Neema mwanangu, Jumamosi tunamaliza msiba. Tuletee koti la baba yako, tunamvika Halinga."

Wewe desturi hiyo unaijua kuliko mimi. Watu wakishalia vya kutosha, ukoo unakaa, unamchagua mmoja, shangazi anamvika nguo ya marehemu, na kuanzia hapo nyumba ina mtu wa kuulizwa. Paa likivuja, anaitwa yeye. Binti akiposwa, barua inafikia kwake. Tumaini bado yuko shule, ndugu zako wa kiume wametangulia, kwa hiyo Halinga, mtoto wa dada yako, ndiye aliyefaa. Hakuna aliyebisha. Kwamba huyo mpwa wako ni kanali na ana brigedi nzima kule Kamsamba, Mama Tumaini hakuwa na habari nalo siku ile. Alikuwa anatafuta mtu wa kusimama na mtoto wake.

Nikaenda chumbani kwako, pale nyuma ya ghala la kahawa tulilogeuza makao ya divisheni. Nikafungua kabati. Koti la kijivu lilikuwepo, limepigwa pasi, lile la kanisani. Pembeni yake koti lako la kombati, lenye kiwiko nilichokishona mimi kwa uzi wa kijani usiofanana, ukasema, "Safi, sasa adui atadhani ni jani."

Mama Tumaini alitaka la kijivu. Mtu yeyote mwenye akili angejua. Lakini nilisimama pale nikajiuliza, koti la Baba ni lipi? La kijivu nilikuona nalo mara mbili. Hili lingine ulilivaa kila siku miaka mitatu. Nililishika, bado lilikuwa na harufu yako, sabuni ya mche na moshi wa kuni. Nikalikunja nikalitia kwenye mfuko. Alama za cheo mabegani sikuzitoa. Hata wazo halikunijia.

Baba, siku ile pale Iyula walikuwepo askari wengi. Kila kikosi kilituma watu wake. Shangazi yako alipolitoa koti kwenye mfuko, Halinga aliyatazama mabega yake, kisha akanitafuta kwa macho mpaka akaniona. Nilidhani ananishukuru. Shangazi akamvuta, "Ingiza mkono, mwanangu, watu wana njaa." Akaingiza. Lilimkaa kana kwamba fundi alimpima yeye.

Akina mama wakapiga vigelegele, kama inavyotakiwa. Halafu nyuma yangu nikasikia visigino vinagongana. Askari wote walisimama wima, wakapiga saluti. Mmoja akapaza sauti, "Afande karudi!" Na simu zikawa juu. Kabla vyombo vya chakula cha mchana havijaoshwa, video ile ilikuwa imefika kwenye mahandaki ya Kamsamba, kule ambako barua ya mama mzazi huchukua wiki mbili.

Unamkumbuka Ba Mulenga, mpishi wetu aliyevuka kutoka Nakonde na watoto wake mwaka ule wa kwanza? Alikuwa anafuta mikono kwenye aproni. Akacheka, "Aa, mukwai, wakubwa zangu, hiyo kamati yao ya kuchagua kamanda irudi tu. Koti limeshateua." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Kisha nikaacha, kwa sababu nilielewa nilichofanya.

Kamati ilikuwa imeshafika, Baba. Makao Makuu walituma watu watatu kuja kuchagua wa kushika nafasi yako, na kiongozi wao alikuwa mama mmoja, meja jenerali, mfupi, mwenye miwani ya kuning'inia kifuani. Majina mbele yao yalikuwa mawili: Halinga na Simfukwe. Makanali wako wawili, brigedi zako mbili.

Chanzo cha vita hivi ulikuwa ukiwaeleza watoto wa shule pale Itaka, mimi nimesimama mlangoni nasikiliza. Ulisema babu zetu waliambiwa Shirikisho la walowezi huko kusini lingekufa lenyewe kabla watoto wao hawajaota meno, kama tawala nyingine zote za namna ile zilivyokufa. Zote zikafa. Hili peke yake likakataa. Likazeeka, likanunua ndege, mwishowe likavuka mpaka likachukua Tunduma. Mtoto mmoja akauliza, "Sasa Mzee, likiwa limezeeka kwa nini halifi?" Ukajibu, "Wazee wengine wana nguvu, mjukuu wangu. Niangalie mimi." Darasa zima likaangua kicheko. Miezi miwili baadaye tulikuzika.

Tunduma bado tunaitazama kwa darubini kutoka vilimani juu ya Mpemba. Lakini jambo lililokuwa mbele ya kamati lilikuwa bondeni, Kamsamba. Unajua mwenyewe, uliacha halijaamuliwa. Vijana wetu wamechimba kwenye ukingo wa mto Momba, adui yuko ng'ambo, na mvua zinakuja. Halinga alitaka tuvuke mara moja, kabla mto haujajaa. Simfukwe alitaka tuondoke ukingoni, turudi hadi chini ya milima, tuuache mto ujae katikati yetu na wao. Atakayechaguliwa ndiye atakayeamua. Na Elia, mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yangu, yuko kwenye handaki la kwanza kabisa, anaweza kuwasikia wa ng'ambo wakikohoa.

Kwa hiyo usidhani nilikuwa natazama mambo ya wakubwa kwa mbali.

Jumapili wakaanza kunijia. Wa kwanza alikuwa sajenti wa stoo, yule anayependa kutafuna kijiti. "Dada Neema, wewe ndiye ulikuwa na Mzee garini mpaka mwisho. Kamati itakuita. Sema tu alimtaja Halinga. Maneno mawili matatu. Nani atakubishia? Marehemu?" Akacheka peke yake. Akaja mwingine, akaja mwingine. Hawakunitisha, Baba, usiwafikirie vibaya. Walikuwa wananiomba kama watu wanaoomba maji. Kwetu wosia haupingwi. Hata jenerali ana ukoo, hata yeye angesita kwenda kinyume na neno la marehemu.

Na mimi nilitaka kulisema. Hilo ndilo linalonitia aibu. Halinga nampenda. Mama yangu alipolazwa Vwawa yeye ndiye aliyempelekea uji, kanali mzima, na chupa ya chai kwapani. Anajua majina ya watoto wa madereva. Simfukwe je? Unakumbuka alivyonisimamisha kwenye kizuizi chake pale Chimbuya kwa kwenda mbio, wewe umelala kiti cha nyuma, hujui. Akaniamuru nishuke nikaoshe matairi mbele ya kikosi chake. Ulipoamka ukakuta nimeinama na tambara. Ukauliza, nikakuambia. Ulisema, "Ulikuwa unakwenda mbio?" Nikasema ndiyo. Ukasema, "Basi osha na la nyuma." Nilikununia hadi Mlowo.

Lakini ile safari ya mwisho sikuweza kuibadilisha kichwani, kila nilivyojaribu.

Tulishuka Kamsamba asubuhi. Joto lile la bondeni, ng'ombe wa Wasukuma wamejazana kivulini, wewe umefungua vifungo viwili. Kama kawaida yako hukwenda kwanza kwa kamanda, ulikwenda jikoni. Kwa Halinga ulifunua sufuria ukakuta ugali na maharage yenye wadudu. Ukaifunika. Ukaenda hemani kwake, ukamuuliza swali lako lile lile, "Jana vijana wamekula nini?" Akasimama wima, uso unang'aa, "Wali na nyama, Mjomba." Hakuwa anakudanganya. Aliambiwa hivyo na yeye akaamini, kwa sababu alitaka kukupa jibu la kukufurahisha. Ukampiga begani, ukanywa maji, tukaondoka.

Kwa Simfukwe sufuria zilikuwa zimefunikwa, kavu. "Jana vijana wamekula nini?" Hata hakusimama vizuri. "Jana hawakula. Lori lako lilikwama mlimani. Niliomba malori mawili, ukanipa moja, nilikuandikia, hukujibu." Mimi nilikuwa mlangoni, nikatazama chini. Sijawahi kumsikia mtu akikuambia hivyo. Ukasema, "Kweli. Sikujibu." Basi. Ukaandika kitu kwenye daftari.

Tukaanza kupanda mlima. Ulikaa mbele siku ile, ulisema nyuma kuna joto. Kwenye kona ya tatu ukasema, kama mtu anayejisemea:

"Halinga ananipenda sana, Nee. Simfukwe yeye ananiambia."

Nikangoja uendelee. Ulitazama nje muda mrefu. Kisha ukaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Ukasema tukifika juu tununue mahindi ya kuchoma. Halafu ukasema kifua kinakubana, nipunguze mwendo, barabara ni mbovu. Nikapunguza. Sijui ni kona ipi. Nimeirudia njia ile mara nyingi na sijui ni kona ipi, Baba. Nilikuwa nikitazama mashimo.

Nilipokutazama ulikuwa umeegemea kioo.

Niliendesha mpaka zahanati ya juu nikiwa naongea na wewe. Nilikuambia habari za mama yangu. Nilikuambia kuhusu mahindi yale.

Jumatatu kamati ikaniita. Walikaa kwenye chumba cha kupimia kahawa, mizani ile mikubwa bado ipo pembeni. Yule mama akaniambia nikae. Nikasimama. Akasema tena, nikakaa kwenye ncha ya kiti.

Nilianza na koti. Nilimweleza kwamba niliagizwa la kijivu nikapeleka la kombati, kwamba ukoo ulikuwa unachagua mtu wa nyumba, si mtu wa divisheni, na kwamba kosa si la Kanali Halinga wala la Mama Tumaini, ni langu. Ofisa mmoja akataka kucheka, yule mama akamtazama, akaacha. Akaniuliza, "Na alama za cheo ulikuwa hujaziona?"

"Niliziona, Afande. Nilizizoea."

Kisha akauliza lile nililoliogopa. "Marehemu alimtaja mtu wa kumrithi?"

Baba, niliona kinywa changu kinafunguka. Jina la Halinga lilikuwa ulimini kabisa, tamu, kama kitu cha kumeza. Ningelisema na jioni ile ningebebwa juu juu kambini. Nikawaza pia kwamba ningeweza kusema la Simfukwe, kwamba maneno yako ya mlimani yalikuwa yanamaanisha hivyo. Labda yalimaanisha. Lakini ulinyamaza. Ungetaka kumaliza ile sentensi ungeimaliza, ulikuwa na kona nyingi za kuimalizia.

Nikasema, "Hakumtaja mtu, Afande. Alisema, Halinga ananipenda sana, Simfukwe yeye ananiambia. Halafu akaniuliza kama nimekula."

"Basi?"

"Basi, Afande."

Nikawaeleza na habari za sufuria, kwa sababu waliniuliza tulikuwa tumetoka wapi. Yule mama akavua miwani. "Koplo, una ndugu kule bondeni?"

"Mdogo wangu. Yuko kwa Kanali Halinga."

"Ungependa awe chini ya nani?"

Nikasema mimi ni dereva tu. Akasema hakuniuliza kazi yangu. Basi nikasema, "Nikiumwa, ningependa Kanali Halinga aje kunitazama. Elia akikosa chakula, ningependa Kanali Simfukwe ndiye aulizwe." Sikujua kama hilo ni jibu. Akaandika.

Alhamisi wakamtangaza Simfukwe.

Usiniulize kambi ilikuwaje. Sajenti wa stoo alinipita akasema bila kunitazama, "Umeona sasa? Umemvua Mzee koti kaburini." Jina likanishika, Mvua Koti, hata wanaonipenda waliniita hivyo. "Mvua Koti, tupe lifti mpaka Mlowo." Nilicheka nao ili nisilie. Elia alinitumia ujumbe mmoja, "Dada umetuuza," kisha akazima simu.

Waliotutuliza ni wawili. Wa kwanza Mama Tumaini. Nilikwenda Iyula kumpigia magoti, nikamkuta anapogoa mikahawa na mkasi wako. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe watu wazima na bunduki zao wote wanaweza kutawaliwa na koti? Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kwenda kikao cha wazazi shuleni." Akanipa mkasi nimsaidie.

Wa pili ni Halinga mwenyewe. Siku ya gwaride la kukabidhi alikuja na kombati yake ya kawaida. Vikosi vilikuwa vimenuna, saluti zinapigwa kama watu wanaofukuza nzi. Akatoka mstarini, akatembea hadi kwa Simfukwe, akampigia saluti ndefu ya kwanza kabisa. Kisha akatugeukia. Hakutumia kipaza sauti. "Mjomba aliniachia mtoto wake," alisema. "Ninyi hakuniachia. Ninyi mna mkubwa wenu huyu hapa." Mtu mmoja nyuma akasema, "Lakini koti, Afande!" Naye akajibu, "Koti nimelitundika Iyula. Litanyeshewa mvua nikiwavalia ninyi." Wakacheka, Baba. Wale wale.

Baadaye akanikuta karibu na gari. Nilisimama wima, nikashindwa kumtazama. Akasema, "Neema, ulinivika, ukanivua." Nikamwomba radhi. Akasema, "Acha. Lilikuwa linanibana kwapani." Halikuwa linambana. Nililiona kwa macho yangu. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona acha abaki nalo hilo moja. Kisha akaniuliza, uso umebadilika, kama ni kweli ulikuta wadudu kwenye maharage yake. Nikasema ni kweli. Akatikisa kichwa, akaenda zake, na siku hiyo hiyo nasikia alianza kushinda jikoni.

Simfukwe akatoa amri tuliyoijua: kuondoka ukingoni. Brigedi zote mbili zikarudi chini ya milima. Watu wa vijiji vya mtoni wakaja nasi na ng'ombe na magodoro, mpunga ukabaki shambani. Mama mmoja wa Kisukuma alisimama mbele ya gari langu, akagonga boneti, "Mnatupeleka wapi, na shamba langu nimeliacha kwa nani?" Simfukwe, ambaye sasa nilikuwa namwendesha, alishuka akamwambia, "Umeliachia adui, mama. Ni mimi niliyeamua." Yule mama akamtukana kwa Kisukuma dakika nzima. Simfukwe akasimama akayapokea matusi mpaka yakaisha.

Halafu mvua hazikuja. Wiki ya kwanza, jua. Ya pili, jua. Ya tatu anga jeupe kama bati. Kila aliyekutana nami alikuwa na neno. "Mvua Koti, huoni? Tungekuwa tumevuka na kurudi." Na mimi niliwaza hivyo hivyo. Nilikuwa nikiamka natazama magharibi kabla ya kunawa uso. Ilipoanza, ilianza mchana mmoja ikaendelea siku nne. Mahandaki yetu ya zamani yakawa sehemu ya mto. La Elia lilizama siku ya kwanza.

Je, tungekuwa tumeshavuka, tuko salama ng'ambo? Au tungekuwa tumevuka na mto umetufungia nyuma? Hakuna anayejua. Wanaosema wanajua wanasema tu. Nilichonacho mkononi ni Elia, ambaye yuko hai na ana vidonda vya miguu, na ambaye wiki iliyopita alikubali kupokea simu yangu. Alisema anahitaji soksi. Nikasema sawa. Akasema, "Na bado nimekasirika." Nikasema sawa.

Sasa namwendesha Simfukwe. Siku ya kwanza aliingia mbele, akafunga mlango, akasema, "Mimi usiniite Baba." Nikasema sikuwa na nia. Akasema, "Vizuri. Na usinieleze marehemu alikuwa akifanyaje, mpaka nikuulize." Hali mahindi ya kuchoma. Hatazami nje. Ila kila akirudi kutoka kikosini ananipa karatasi yenye mambo waliyomlalamikia, ananiambia niiweke pale juu ya dashibodi ambapo ataiona.

Wiki hii akaniuliza. Tulikuwa vilimani juu ya Mpemba, ameishika darubini, Tunduma iko kule chini na mabati yake, na barabara yetu inayoingia mjini haina gari hata moja. Bila kugeuka akasema, "Koplo. Marehemu angefanyaje hapa?"

Niligundua kwamba ningesema lolote, hata neno moja, pengine brigedi nzima ingesogea. Watu wananitazama wanakuona wewe. Hata Ba Mulenga akitaka kubadilisha chumvi huniuliza Mzee angesemaje. Na ni rahisi kujibu, kwa sababu nakujua, najua ulivyokuwa ukikohoa kabla ya kukataa jambo. Naweza kukuongelesha siku nzima na hakuna atakayebisha, na siku moja mtu atakufa kwa neno ambalo hukulisema.

Nikamwambia, "Sijui, Afande. Hakuwahi kusema."

Akasema, "Vizuri," akarudi kwenye darubini.

Basi hiki ndicho nilichokuja kukuahidi. Vitu vyako vidogo nitavitunza mimi, vile visivyo na faida kwa mtu mwingine. Nitamweleza Tumaini akikua, akitaka. Wakiniuliza ulikula nini siku fulani, ulicheka kwa nini, ulilala wapi, nitawajibu. Ila wakiniuliza ulitaka tufanye nini, nitawaambia ulikaa kimya, na waamue wao, na wakikosea wakosee kwa majina yao wenyewe.

Pumzika, Baba. Umeshasema ya kutosha.

Dereva wako,
Koplo Neema